Sauti Hii Inapita kwa Nani?

Mwaka 2004 nilimpeleka mama yangu kwenye intaneti kafe moja ya Kariakoo. Ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, kompyuta 12 zimepangwa ukutani, na juu ya paa dishi la setilaiti. Dada yangu alikuwa Leeds, Uingereza, akisomea uuguzi, na mama alikuwa na miezi mitano hajasikia sauti yake. Wasomaji wenzangu mliozaliwa juzi, simu ya nje wakati ule haikuwa mchezo. Dakika chache tu zilimeza hela ya mboga ya siku kadhaa. Barua pepe tulikuwa tunaandikiana, lakini mama hakuwa na habari nazo. "Mtu anaweza kuandika mzima kumbe anaumwa," alisema. "Mimi nataka sauti."

Tulikuwa tumeshajaribu mara moja, mwaka 2002. Programu tuliyotumia, sitaitaja, ilituruhusu kuandikiana bila taabu. Dada anaandika kule, maneno yanatokea huku. Ila kila nikibonyeza kitufe cha sauti, kimya. Dada akaandika: "Napiga huku, hampokei?" Nikamwandikia: "Hata sisi tunapiga." Yaani watu wawili wako pande mbili za mlango, kila mmoja anabisha hodi, na hakuna anayesikia hodi ya mwenziwe. Kijana wa kaunta akasema mtandao mbovu leo. Tukalipa, tukashuka. Mama hakunena neno mpaka Mnazi Mmoja.

Safari hii dada alikuwa ametuandikia tutafute programu mpya iitwayo Skype. Nikamvisha mama hedifoni juu ya mtandio wake. Kimya kidogo, halafu: "Shikamoo mama." Mama akaruka kwenye kiti. "Marahaba mwanangu, marahaba!" Setilaiti iko kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na sauti ilibidi ipande mpaka huko na kushuka, kwa hiyo kila neno lilichelewa na mama akawa anamkata dada kila sentensi. Lakini ilikuwa sauti. Katikati ya mazungumzo mama akavua hedifoni, akachungulia nyuma ya kompyuta, akaniuliza: "Hivi sauti ya mwenzio inapita kwa nani?"

"Inakuja moja kwa moja, mama," nikamjibu.

Nilimdanganya, ingawa sikujua kwamba namdanganya. Makala hii ni kumjibu upya. Na kumjibu kunataka turudi nyuma, maana swali la mama ndilo historia nzima ya intaneti: nani anaweza kumfikia nani bila kupitia kwa mtu wa tatu?

Namba zilivyogawanywa

Intaneti haikuanza na milango iliyofungwa. Mwaka 1977 Vint Cerf, mmoja wa waasisi wake, ilibidi aamue anwani ya kompyuta iwe na urefu gani. Akachagua biti 32. Amesimulia mwenyewe mara nyingi kwamba alidhani lile ni jaribio tu, na kwamba mtandao wa kweli ungejengwa baadaye. Jaribio likawa ndilo lenyewe. Septemba 1981 kanuni hizo zilichapishwa rasmi chini ya uhariri wa Jon Postel, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa jeshi la Marekani, ARPANET, ukahamia kwenye utaratibu huo.

Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296. Ni nyingi, lakini hata mwaka ule wa 1981 watu duniani walishazidi idadi hiyo. Kwa wakati ule nani angejali? Kompyuta zilikuwa chache, kila moja ilipewa anwani yake, na yeyote aliyekuwa na anwani aliweza kuandikiwa na mwingine yeyote. Hakukuwa na mkubwa wala mdogo. Mashine yako inaweza kuuliza, na inaweza kuulizwa. Hilo la pili lishike, ndugu msomaji, tutalirudia.

Ugawaji nao ulikuwa wa kifalme. Chuo cha MIT kule Massachusetts kilimiliki fungu zima la anwani zinazoanza na 18, yaani 16,777,216. Chuo kimoja! Februari 3, 2011, ghala kuu la dunia lilipogawa mafungu yake matano ya mwisho, kila kanda ilipata moja. Fungu la mwisho la Afrika nzima, juu ya machache iliyokwisha kupata, lilikuwa na anwani ngapi? 16,777,216. Mwaka 2017 MIT ikatangaza kwamba ilikuwa na anwani milioni 14 ambazo haikuwahi kuzitumia, na kwamba inauza milioni 8. Sisemi kwamba kuna mtu alikaa akatupangia njama. Nasema kwamba aliyefika karamuni mapema alijaza sahani, na sisi tulifika wakati wa kukwangua sufuria.

Mlinzi na karani

Vitu viwili viliufunga mlango, na kila kimoja kilikuwa na sababu yake nzuri.

Cha kwanza ni hofu. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia mtandaoni programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Maelfu ya mashine zililemewa. Yeye baadaye alihukumiwa, na miaka iliyofuata akaja kuwa profesa pale pale MIT, dunia ina mambo. Lakini baada ya tukio lile watu waliokuwa wakilala mlango wazi walianza kuweka komeo. Ukazaliwa ukuta wa ulinzi, ule ambao mafundi wanauita fayawoli. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini: anayetoka ruhusa, anayerudi na jibu la aliyetoka ruhusa, lakini mgeni asiyeitwa na mtu wa ndani, abaki nje.

Cha pili ni uhaba. Mapema miaka ya 1990 ilishaonekana kwamba anwani zitakwisha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya ubadilishaji anwani, kwa kifupi NAT. Wazo lenyewe ni rahisi, na kama ulisoma bweni unalijua tayari.

Shule niliyosoma ilikuwa na sanduku moja la posta. Sisi mamia ya wanafunzi, S.L.P. moja. Sasa mfikirie karani wa ofisi ya shule mwenye daftari. Ukimpelekea barua ya kutoka, anafuta jina la bweni lako kwenye bahasha, anaandika S.L.P. ya shule na namba ndogo pembeni, halafu kwenye daftari anaandika: namba 47, ni yule wa Bweni la Mkwawa. Jibu likija na namba 47, anafungua daftari, anakuletea. Posta ya Taifa haijui kama upo. Inaijua shule tu. Ndivyo ruta ya kafe ile ilivyokuwa ikifanya: kompyuta 12, anwani moja ya nje, na humo ndani kila mashine ina namba ya nyumbani, zile zinazoanza na 192.168 au 10, ambazo Februari 1996 zilithibitishwa rasmi kuwa za ndani tu, na ziko maelfu kwa maelfu ya majengo duniani zikijirudia bila kugongana.

Sasa jiulize: barua ikija bila namba yoyote ya daftarini, kutoka kwa mtu ambaye hakuna mwanafunzi aliyemwandikia, karani ataipeleka wapi? Hana pa kuipeleka. Anaitupa. Hana ubaya na mtu, hajui tu ni ya nani.

Egevang na Francis hawakuficha kitu. Kwenye waraka wao wenyewe walikiri kwamba dawa hii ina madhara yanayoifanya isifae kwa muda mrefu, na pengine hata kwa muda mfupi. Ilikusudiwa kusukuma siku mpaka anwani mpya na ndefu zipatikane. Anwani hizo mpya, IPv6, zilitangazwa Desemba 1995. Zina biti 128, na idadi yake ni tarakimu 39. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu waraka ule, na kile kiraka cha muda bado ndicho kinachoshika suruali.

Kwa waliokuwa wakisoma kurasa tu, kiraka hakikuuma. Unaomba ukurasa, jibu linakuja, karani ana mstari wake. Aliyeumia ni yule aliyetaka kufikiwa. NAT iligawa watu wa intaneti makundi mawili: wenye anwani, wanaoweza kuulizwa, na wasio na anwani, wanaoweza kuuliza tu. Sisi waandishi tunaujua mgawanyo huo kwa jina jingine. Kuna wachapishaji, na kuna wasomaji.

Ndiyo maana mwaka 2002 maandishi ya dada yalifika na sauti yake haikufika. Maandishi yalipitia kwa seva ya kampuni, mtu wa tatu mwenye anwani inayojulikana, na sote wawili tulikuwa tumemwandikia yeye kwanza. Sauti programu ilijaribu kuipeleka rika kwa rika, kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kafe ilikuwa na karani, bweni la dada lilikuwa na mlinzi. Hodi zetu zote mbili zilitupwa.

Kutoboa tundu

Watu hawakukaa kimya. Juni 1999 Shawn Fanning, kijana wa Boston, alitoa Napster, ambapo watu walipeana nyimbo kompyuta kwa kompyuta. Machi 2000 Justin Frankel na Tom Pepper wakatoa Gnutella, isiyokuwa na ofisi kuu kabisa. Gnutella ilikuwa na ujanja wake: kama mwenye faili yuko nyuma ya ukuta, huwezi kumfuata, basi unamtumia ujumbe kupitia kwa majirani ili yeye ndiye atoke kukufuata wewe. Ujanja mzuri, ila unafaa pale ambapo mmoja tu ndiye amefungiwa. Wakifungiwa wote wawili, basi tena.

Jibu la wawili waliofungiwa lilitoka kwenye michezo. Mwaka 1999 Dan Kegel, mwandishi wa programu wa Marekani aliyehangaika na michezo ya kompyuta ya kuchezwa mtandaoni, aliandika hadharani jinsi ya kufanya. Mbinu hiyo inaitwa kutoboa tundu, na mimi nilipoielewa kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Turudi kwa karani.

Wewe uko shule moja, mimi nyingine, kila shule ina karani wake. Tunamjua mwalimu mmoja mwenye sanduku lake mwenyewe la posta. Kwanza, wote wawili tunamwandikia yeye. Mwalimu anatazama bahasha zetu, anaona S.L.P. na namba ndogo zilizoandikwa na makarani wetu, kitu ambacho sisi wenyewe hatukijui. Anakuandikia wewe: mwenzako anapatikana sanduku fulani, namba 47. Ananiandikia mimi vivyo hivyo: mwenzako ni sanduku fulani, namba 12. Halafu wote wawili tunaandikiana kwa wakati mmoja, bila kungojana.

Barua yangu ya kwanza inaweza kufika kwenu kabla yako haijatoka, na karani wako akaitupa. Haidhuru! Barua ile haikutumwa ili isomwe. Wakati inatoka, karani wangu aliandika kwenye daftari: namba 47 inangoja jibu kutoka kwa yule wa namba 12. Kwa hiyo barua yako ikija, inakuta mstari wake tayari, inapita. Nikijibu, karani wako naye ana mstari tayari. Tangu hapo tunaandikiana, na mwalimu anaweza kwenda zake kulala.

Hakuna komeo lililovunjwa hapo wala mlinzi aliyepewa chai. Kila karani amefuata sheria yake sawasawa, na sheria hizo hizo ndizo zilizotupitisha.

Ila makarani hawafanani. Wapo wanaokupa namba mpya kwa kila mtu unayemwandikia. Ukimwandikia mwalimu unapewa 47, ukiniandikia mimi unapewa 48. Namba aliyoiona mwalimu hainifai kitu. Tena wote wana tabia ya kufuta mstari wakiona muda umepita bila barua, ndiyo maana programu hizi hutumiana bahasha tupu kila baada ya muda mfupi ili daftari lisifutwe. Mwaka 2005 Bryan Ford, Pyda Srisuresh na Kegel mwenyewe walitoa matokeo ya vipimo vyao: katika vifaa walivyopima, takriban asilimia 82 vilikubali kutobolewa tundu kwa njia ya UDP, ile nyepesi inayopendwa na sauti, na kama asilimia 64 kwa njia ya TCP.

Jirani wa katikati

Na hao waliobaki? Hapo ndipo swali la mama linapouma.

Skype ilitolewa tarehe 29 Agosti 2003. Waasisi wake walikuwa Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na walioiandika hasa walikuwa vijana wa Estonia: Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn. Kundi hilo hilo lilikuwa limetoka kutengeneza Kazaa, programu ya kupeana mafaili, kwa hiyo kuta na makarani waliwajua vizuri. Skype ilijaribu kwanza kutoboa tundu. Ikishindikana, ilitafuta mtumiaji mwingine wa Skype, mwenye anwani ya wazi na mtandao wa nguvu, ikapitisha sauti zenu kwenye kompyuta yake. Hamkumwomba, naye hakuulizwa siku hiyo. Mwaka 2004 Salman Baset na Henning Schulzrinne wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichunguza mwenendo huo wakauandikia ripoti: pande zote mbili zikiwa zimebanwa, sauti ilipitia mashine ya mtu wa tatu.

Kwa hiyo, mama, hukuuliza swali la kizamani. Huenda siku ile "marahaba mwanangu" yako ilipita kwenye kompyuta ya mwanafunzi fulani aliyeiacha imewaka chumbani akaenda kula. Ilifungwa kwa msimbo, asingeweza kuisikia hata angetaka. Lakini bila yeye tungerudi tena Mnazi Mmoja kimya kimya.

Utaratibu wa majirani ulikuwa na udhaifu wake. Agosti 16, 2007, kompyuta nyingi duniani zilijizima na kujiwasha baada ya kupokea marekebisho ya Windows, majirani wakatoweka kwa mkupuo, na kasoro ndani ya programu ikafanya mtandao ushindwe kujiponya. Skype ililala karibu siku mbili. Microsoft iliinunua mwaka 2011, na mwaka uliofuata kazi ya majirani ikahamishiwa kwenye seva za kampuni. Ikawa imara zaidi. Ikawa pia na mtu mmoja tu wa katikati. Tarehe 5 Mei 2025 mtu huyo akaifunga, na jirani yeyote asingeweza kuizuia isifungwe.

Na sisi leo?

Mbinu zenyewe hazikufa. Ule utaratibu wa mwalimu anayekuambia namba yako uliandikwa rasmi Machi 2003 ukaitwa STUN. Ule wa mpokezi anayebeba barua mwenyewe unaitwa TURN, na ule wa kujaribu njia zote na kuchagua iliyo bora unaitwa ICE; vyote viwili vilipitishwa Aprili 2010. Januari 2021 WebRTC, inayotumia vyote hivyo ndani ya kivinjari cha kawaida, ilikubaliwa kuwa kiwango cha dunia. Ukipiga simu ya video kwenye kivinjari, tundu linatobolewa kimya kimya kabla hujasema halo.

Lakini ukuta nao umekua. Kampuni za simu, kwa kukosa anwani za kutosha, zimeweka karani juu ya karani, na Aprili 2012 zikatengewa fungu maalumu la anwani kwa kazi hiyo. Simu yako ya mkononi, ndugu yangu, mara nyingi haina anwani ya dunia. Iko bwenini pamoja na maelfu ya wengine.

Wiki iliyopita tulikaa watatu meza moja tukihariri toleo hili. Mmoja akanitumia shairi kwa simu. Tulikuwa tumeachana hatua mbili, wi-fi moja, na shairi lile lilikwenda mpaka kwenye seva ya kampuni ya nchi ya watu ndipo likarudi mezani. Tulicheka. Halafu nikafikiri: seva ile ikizimwa, au njia ya kuifikia ikifungwa kwa amri, mimi na huyu tunabaki bubu tumetazamana.

Sitaki kujifanya kwamba moja kwa moja ni peponi. Ukimfikia mtu moja kwa moja, naye anaiona anwani yako, na kuna watu usiotaka waione. Novemba 2023 WhatsApp iliwapa watumiaji chaguo la kupitisha simu zote kwenye seva zake kwa sababu hiyo hiyo. Wala IPv6 haitaondoa walinzi, maana wezi bado wapo. Tofauti ni kama mtu wa katikati umemchagua mwenyewe kwa hiari yako, au hakuna njia nyingine ila yeye.

Nilipomaliza kuandika nilikwenda kwa mama Mbagala nikamsomea yote, nikifafanua hapa na pale. Habari za biti hazikumgusa. Ya karani aliipenda, akanikumbusha barua yangu moja iliyopotea Kidato cha Pili. Tulipofika kwa yule jirani wa katikati, akanisimamisha.

"Kwa hiyo kulikuwa na mtu kweli."

"Huenda, mama."

"Na hakuna aliyemwambia ahsante miaka yote hii?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia niandike mwishoni kwamba yeye anamshukuru, popote alipo. Nimeandika.